Mkeka Mbele ya Nyumba ya Waziri

Sehemu ya Kumi na Moja

"Baba yako yuko chini ya mkeka." Shangazi Meripa alisema hivyo kwenye simu, nasi wiki iliyopita tukaishia hapo. Fuatino naye aliishia hapo, kikombe cha kakao mkononi, mdomo haujagusa.

"Kwa nani?" akauliza.

"Kwa nani tena, mwanangu. Kwa waziri wako. Tangu saa kumi na mbili."

Saa ya ukutani ofisini ilikuwa saa mbili na robo.

Kama gazeti la wiki jana lilikwenda kufungia samaki kabla hujalisoma, mambo yako hivi. Fuatino ni mkurugenzi wa kituo cha Fetuao, redio na televisheni, hapa Apia. Jumatatu kituo chake, yeye mwenyewe akisoma habari, kilionyesha matangi ya maji thelathini na nane, yale meusi yaliyoletwa kwa watu wa Lotovai baada ya kimbunga, yamepangwa kwenye shamba la ng'ombe la Waziri Sauaga. Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Watu wa Lotovai mpaka leo wanachota mtaroni. Jumatano ikaja barua ya serikali: habari ile ni uongo mtupu, mkurugenzi aombe radhi kwa kinywa chake kwenye taarifa ya saa sita mchana Ijumaa, la sivyo saa saba akabidhi funguo.

Leo ni Ijumaa.

Fuatino alikwisha kuamua kwamba haombi radhi. Funguo alikuwa amezitia kwenye bahasha na bahasha ameiandika jina. Kazi ingekwenda, lakini habari ingebaki kweli, na hilo lilimtosha kulala. Sasa baba yake amekwenda kumwombea radhi asiyotaka kuomba.

Kwetu ukoo ukikosea, wanaume wake hupiga magoti alfajiri mbele ya nyumba ya aliyekosewa, wamejifunika mkeka wa heshima, kimya. Hiyo ndiyo ifoga. Aliyekosewa akitoka akaufunua mkeka, yamekwisha, na mahakama yenyewe husikiliza. Asipoufunua, wanabaki hapo. Kuna waliobaki hapo wakapigwa mawe. Ila jambo moja halibishaniwi: aliyepiga magoti amekiri.

Kwa hiyo mkeka ukifunuliwa, habari ya matangi ni uongo. Hata picha hazitasaidia.

Fuatino akauliza ni nani aliyemtia mzee wazo hilo. Shangazi akasema hakuna aliyemtia. Juzi tu alikuja mzee Fiatoa, msemaji wa ukoo wa waziri, na katoni ya nyama ya kopo. Akakaa saa mbili nzima akizungumzia mvua, magoti, na kwaya ya kanisa. Alipokuwa anavaa kandambili mlangoni akasema, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake, kwamba vijana wa Falelupe, kijijini kwa waziri, wamekasirishwa na ile televisheni na wanaokota mawe, na itakuwa huzuni jambo likimpata binti asiye na mama.

Baba yake Fuatino ndiye mzee Lafaele. Jana alipanda basi peke yake, akarudi jioni viatu vina matope, hakusema alikotoka. Kisha akainua godoro lake akautoa mkeka ambao marehemu mkewe aliusuka miaka miwili.

"Na hamkumzuia?"

"Fuatino, baba yako ndiye matai, mkuu wa ukoo huu. Mimi ni dada yake. Nilimpa kofia, akaikataa."

Mama mwenzangu unayesoma haya, kama una binti anayependa kusoma matangazo kwa sauti akiwa jikoni, mnunulie cherehani mapema. Fuatino alianza hivyohivyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipochukuliwa redioni kusoma vifo, kwa sababu alikuwa anayataja majina ya vyeo vya marehemu bila kujikwaa. Mama yake alifurahi akawaita majirani. Hakujua anafurahia nini.

Waziri wa kwanza aliyegombana naye alimpeleka stoo ya kanda, miaka miwili, kwa sababu aliwaacha wakulima wa kakao waseme bei hewani. Akazipanga kanda zote kwa herufi. Waziri akaanguka uchaguzi, Fuatino akarudi.

Wa pili aliagiza taarifa ya habari ianze kila siku na picha yake. Fuatino akatii. Akaweka picha moja tu, ileile, bila maneno, chini yake muziki wa taratibu. Wiki ya tano watu wa kisiwa cha Savai'i wakaanza kuvuka na mikeka ya msiba kumpa pole mjane. Amri ikafutwa.

Wa tatu ndiye Sauaga. Huyu hapigi kelele. Ninawaogopa zaidi wasiopiga kelele.

Fuatino alishuka ngazi kwenda kuchukua gari la matangazo ya nje, maana gari lake lilikuwa kwa fundi. Nafasi ya gari ilikuwa tupu, imebaki alama ya oili.

Msaidizi wake, Kelemete, alikuwa amesimama pale na shati jipya. Kelemete ni mtu mzuri. Amekuwa msaidizi miaka tisa.

"Gari liko wapi?"

"Falelupe, mkurugenzi. Tangu saa moja na nusu. Ofisi ya waziri ilipiga simu, wakasema kuna tukio."

"Unajua ni nani yuko chini ya ule mkeka?"

Kelemete alitazama viatu vyake. "Tunaingia hewani saa tatu, mubashara. Ni habari, mkurugenzi. Wewe mwenyewe ulitufundisha, kinachotokea mbele ya macho ya watu hakifichwi."

Na kweli aliwafundisha. Miaka mitatu nyuma ukoo mmoja wa kusini mwa kisiwa chetu cha Upolu ulifanya ifoga kwa ajili ya dereva wao, na mama wa dereva alikuja kituoni akalia wasionyeshe. Fuatino alimpa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho, akaonyesha. Kumkatia matangazo Kelemete kulihitaji neno moja tu. Akalitafuta kinywani akakuta kuna uso wa yule mama.

"Nipe funguo za pikipiki yako," akasema.

"Mkurugenzi, ile haina breki ya nyuma."

"Nikihitaji kusimama nitakupigia."

Alifika Falelupe saa tatu na dakika tano, gauni lake limetapakaa vumbi mpaka magotini. Uwanja wa nyumba ya waziri ulikuwa umefyekwa vizuri. Katikati ya majani kulikuwa na mkeka, na chini ya mkeka kulikuwa na vilima vitatu: baba yake na baba zake wadogo wawili. Jua lilikuwa limeshawafikia. Kijiji kizima kilikaa pembeni chini ya paa la nyumba ya wageni, ile isiyo na kuta, wanajipepea. Vijana kumi na wawili walisimama karibu na ukuta wa mawe, na ukuta wenyewe ulikuwa umepungua kimo.

Gari la Fetuao lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka.

Mzee Fiatoa akamjia na fimbo yake, anatabasamu kama mkwe.

"Karibu, mama. Umechelewa kidogo, lakini nafasi yako ipo. Pale kushoto, karibu na mzee. Mkeka ni mpana, marehemu mama yako hakuwa mchoyo."

Fuatino akasema hakuja kupiga magoti, amekuja kumchukua baba yake, ana sukari na hajala.

"Basi tuna shida," Fiatoa akasema. "Mheshimiwa hatoki mpaka wewe uingie. Aliyekosea ndiye asiyekuwapo, sasa asamehewe nani? Wazee hawa hawakusoma habari. Sauti niliyoisikia mimi ilikuwa ya kike."

"Na nisipoingia?"

Fiatoa akatazama juu kwenye jua, akaondoka.

Fuatino akaenda akachuchumaa kando ya mkeka. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia baba yake anavyovuta pumzi.

"Baba."

"Nani?"

"Mimi."

"Uko ndani au nje?"

"Nje."

"Basi hulijui joto."

Akamwomba asimame waende nyumbani. Mzee akamjibu kwamba matai anayeinuka kabla mkeka haujafunuliwa heri asingetoka kitandani. Mmoja wa baba wadogo akasema kutoka chini kwamba yeye mguu umekufa ganzi, kama kuna mwenye habari. Mzee akamwambia anyamaze.

"Baba, habari ile ni kweli. Nina picha."

"Picha," mzee akasema, kama anavyotajwa mbwa wa jirani. "Jana nimekwenda mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu. Umekosea, binti yangu."

"Sikukosea."

"Umekosea, na umekosea kwa jina langu, maana ndilo wanalolitaja ukimaliza kusoma. Sasa niache, unaniongezea joto."

Hapo ndipo Fuatino alipoumia kweli. Serikali ilikuwa imemwita mwongo kwa barua yenye muhuri, na kakao ilimshuka vizuri tu. Baba yake alipomwita mwongo kutoka chini ya mkeka wa mama yake, aliikalia mikono yake.

Pumzi ya mzee ilikuwa imeanza kukatika katikati. Ilivuta, ikasimama, ikavuta.

Mbele yake palikuwa na njia mbili, na zote mbili alizijua. Akikaa nje, akangoja, waziri hatoki, mkeka haufunuliwi, habari inabaki kweli, na baba yake anaungua. Akimtoa waziri ndani, mkeka utafunuliwa, baba atakunywa maji, na matangi ya Lotovai yatakuwa hayajawahi kuwapo. Kazi ya miaka thelathini na mitatu upande mmoja. Upande wa pili mzee wa miaka sabini na sita mwenye kichwa kigumu.

Hakufikiri sana. Wenye watoto wanadhani watoto hufikiri sana.

Alinyanyuka akaenda kwa mpiga picha wake, Taleni, aliyekuwa amemlenga tangu alipofika, anatokwa na jasho kwa aibu.

"Unapiga nini?"

"Wewe, mkurugenzi. Ndivyo Kelemete alivyosema."

"Mimi si tukio. Dirisha lile pale, la pili, nani yuko nyuma ya pazia?"

Taleni akavuta lenzi. "Waziri, mama. Anakunywa chai."

"Anakula?"

"Biskuti."

"Mpige yeye. Halafu mpige mzee. Halafu mrudie yeye. Usiseme neno lolote, uache wasikie nzi."

Taleni akafanya hivyo. Waziri, biskuti. Mkeka, jua. Waziri, anachovya. Mkeka. Hapa Apia maduka yalisimama. Wenye redio wakaenda kwa wenye televisheni. Mchungaji wa Falelupe mwenyewe, aliyekuwa amekaa kivulini, aliangalia simu ya mkewe, akaona nchi inachokiona, akajikohoza kwa nguvu kuelekea dirishani.

Dakika nne tu. Mlango ukafunguliwa, Waziri Sauaga akatoka na shati jeupe na sketi ya kitambaa ya ofisini, vazi la wanaume wa kwetu, anafuta mdomo. Hakumtazama Fuatino. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akauinua kwa mikono miwili, polepole, uso wake umegeukia kamera.

Yamekwisha. Kijiji kikapumua. Vijana wakaondoka ukutani. Habari ya matangi ikawa uongo saa tatu na dakika thelathini na moja asubuhi, na nchi nzima ikiwa shahidi.

Waziri alimwinua mzee Lafaele, akamkumbatia, akampeleka mwenyewe kwenye nyumba ya wageni, akaamuru aletewe maji ya dafu. Taleni akawafuata na kamera. Fuatino akakaa nyuma kabisa, kwenye ukingo, karibu na viatu. Alimwona baba yake anakunywa madafu mawili bila kupumzika, rangi inamrudi. Akajiambia kwamba hilo ndilo alilolitaka.

Waziri akasema machache mazuri. Kwamba yeye ni mtu wa kusamehe. Kwamba ameupokea uchungu wa ukoo huu na hataki kusikia tena habari yake. Akauliza kama ukoo una neno, msemaji wao aseme.

Mzee Lafaele hakuja na msemaji. Akasema atasema mwenyewe.

"Mheshimiwa," akaanza, "binti yangu amekukosea mbele ya nchi nzima. Alisema matangi ni thelathini na nane. Mimi televisheni siiamini, hata ya mwanangu, kwa hiyo jana nilikwenda shambani kwako. Mlinzi wako alinikaribisha vizuri, namshukuru. Nimefanya kazi ya mabomba miaka thelathini na miwili, tangi nalijua. Nimeyagusa yote. Ni arobaini na moja. Matatu yako nyuma ya banda la nguruwe, nayo yana alama ya msaada vilevile. Amekupunguzia matatu. Kwa uongo huo ndio nimepiga magoti, na nakushukuru sana kwa kuupokea."

Akainamisha kichwa. Alikuwa hatanii. Hata leo ukimuuliza atakuambia alikwenda kwa sababu ya yale matatu.

Baba mdogo mwenye ganzi aliacha kusugua mguu. Waziri aliipokea radhi kwa mikono yake mwenyewe, kamera inaona, na radhi ya matangi arobaini na moja haipokelewi na mtu asiyekuwa nayo. Taleni alivuta lenzi mpaka ikabaki jicho moja la waziri. Mbali kidogo ng'ombe akalia, na nadhani nchi nzima ilijiuliza anakunywa nini.

Fuatino pale kwenye viatu aliinamisha uso, mabega yanacheza. Waliokuwa karibu wakadhani analia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapotaka muogope. Mtu mwingine angebweka. Angetoka nje. Sauaga alicheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba, akampiga mzee begani.

"Ukoo wenye wakweli namna hii," akasema, "siwezi kuuacha urudi nyumbani hivihivi. Leteni kava."

Likaletwa bakuli la kinywaji hicho cha mizizi, kinachonywewa cheo kinapotolewa. Waziri akasema koo hizi mbili leo zimelia pamoja. Akasema katika ukoo wake, ambao yeye ndiye mkuu, kuna cheo kimekaa wazi miaka sita tangu mjomba wake afe, cheo cha Tauialo, chenye ardhi yake na kiti chake kwenye baraza la kijiji. Ukoo umekuwa ukimtafuta mtu mwenye sauti.

"Leo tumempata," akasema. "Fuatino, njoo mbele."

Wanawake wakashika vinywa. Cheo cha umatai hakitolewi kwa mwanamke kila siku, na kwa mwanamke wa nje ya ukoo ni jambo la kusimulia. Mzee Lafaele aliinua kichwa. Ukoo wao wenyewe ulikwisha kuamua cheo chake kimwendee mtoto wa kiume aliyeko Auckland, ambaye hutuma picha. Mzee hakuwahi kusema kama hilo lilimuuma. Sasa macho yake yalikuwa na maji, na hakuyafuta.

Lakini Fuatino aliuona mlango unavyofungwa. Anayevaa cheo anakaa chini ya mkuu wa ukoo. Haiaibishi nyumba yake hadharani. Yaliyomo shambani kwa mkuu yanazungumzwa ndani, watu wamekaa chini, na yanaishia ndani. Jumatatu asingeweza kuonyesha matangi arobaini na moja, wala tangi moja, wala ng'ombe. Angebaki na funguo zake na kiti chake na ofisi yake, na serikali isingemwandikia barua tena maishani.

Na kukikataa mbele ya watu, baba yake ameketi pale, dakika chache baada ya kusamehewa, ni kuuvunja msamaha wenyewe. Vijana walikuwa wamerudi ukutani.

Mzee Fiatoa akasimama na fimbo yake akaita kwa sauti ya kupasua paa, "Tauialo."

Fuatino akatembea mpaka mbele, akakaa, akakunja miguu.

"Tauialo," Fiatoa akaita mara ya pili. Ya tatu ndiyo hufunga.

Mbeba kikombe akaja ameinama, kifuu kimejaa, akamnyooshea. Mzee Lafaele akamnong'oneza binti yake, sauti imekauka, "Pokea, mwanangu."

Akapokea, kwa mikono miwili. Waziri akatabasamu, akajiweka sawa kola.

Kwetu anayeshika kikombe anaruhusiwa kusema neno kabla ya kunywa, na hakuna wa kumkatiza, hata mfalme. Kwa kawaida husema ahsante.

Fuatino hakukipeleka kinywani. Alimgeukia Taleni, akamwomba amletee kipaza sauti.